Shajara ya mradi: Wikiendi za kuwafuata waliotutangulia Ulaya

Jumamosi, 12 Oktoba 2024. Leipzig

Mradi umeanza rasmi leo, kwa hiyo nianze na chanzo chake.

Nimeingia mwaka wa pili wa uzamili hapa Leipzig. Mwaka wa kwanza wikiendi zangu zilipita kama zinavyopita za wanafunzi wengi waliotoka nje: Ijumaa jioni unapanga begi, Jumamosi unashuka mji mpya, unapiga picha mbele ya kanisa, mbele ya daraja, mbele ya sanamu, na Jumapili usiku unarudi umechoka. Nilifika Vienna, Kraków, Amsterdam na Paris. Picha ninazo. Agosti nilipokwenda nyumbani Lindi, mwalimu wangu wa historia wa sekondari aliniomba nizungumze na wanafunzi wake wa kidato cha pili, nikawaonyesha picha hizo. Walizitazama kwa adabu. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Dada, na mjusi wetu umemwona?"

Sikuwa nimemwona. Mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kwetu na sasa imesimamishwa Berlin, nilikuwa naishi mwendo wa saa tatu tu kwa treni kutoka alipo, mwaka mzima, na sikwenda. Swali lile nililibeba kwenye ndege hadi huku.

Basi mradi wenyewe ni huu. Wikiendi ninazosafiri, nifike mahali penye alama ya mtu au kitu kilichotoka pwani yetu, au kwa wasemaji wa Kiswahili popote pale. Nikiwa hapohapo nirekodi maelezo ya sauti, yasizidi dakika kumi, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nimtumie Mwalimu kwa WhatsApp. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo Mwalimu atawachezea kwa spika yake ndogo siku ya klabu ya historia, Alhamisi. Wakishasikiliza watanirudishia maswali, na swali lao ndilo litakaloniambia niende wapi tena. Lengo ni rekodi sita hadi Juni 2025.

Kuhusu fedha, niandike wazi kwa sababu najua kuna wadogo zangu watakaosoma wakiwa wanajiandaa kuja. Mwanafunzi wa nje anatakiwa kuonyesha kwamba ana euro 992 za kila mwezi, kiwango kilichoanza Septemba hii. Mimi nilipokuja kilikuwa 934. Ukitoa kodi ya chumba, bima ya afya na chakula, kinachobaki ni kidogo. Sheria inaruhusu kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na mimi nabeba boksi kwenye ghala usiku wa Alhamisi. Humo nimetenga euro 60 kwa mwezi kwa ajili ya safari. Kinachoniokoa ni tiketi ya wanafunzi inayokatwa kwenye ada ya muhula, euro 29.40 kwa mwezi: unapanda treni zote za mikoa nchi nzima. Treni za haraka hazimo. Kwa hiyo huu ni mradi wa treni za polepole, na nimeshakubaliana na hilo.

Jumamosi, 2 Novemba 2024. Berlin

Nimeondoka saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, nikabadilisha treni Wittenberg. Treni ya haraka ingechukua saa moja na robo. Hii ilinipa muda wa kusoma maandishi yangu mara tatu.

Ukumbi wa mjusi uko mara tu baada ya mlango wa makumbusho. Nilijua takwimu kabla sijaingia: urefu wa mita 13.27, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani, ilisimamishwa Berlin mara ya kwanza 1937. Kujua na kusimama chini yake ni vitu viwili. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake una mita 2.13, mimi na mdogo wangu wa darasa la tatu tukipandana ndipo tungeufikia. Mbavu zimejipinda kama mbao za jahazi lisilokamilika, lile unaloliona limeegemezwa magogo ufukweni. Shingo inapanda, inapanda, hadi unalazimika kushika kisogo ili ukione kichwa.

Watoto wa Kijerumani walikuwa wanakimbia huku na huku wakipiga kelele za furaha. Niliketi kwenye benchi, nikaweka simu mapajani, na yale maandishi niliyoyasoma mara tatu nikayaacha begini. Niliwaeleza wanafunzi kama ambavyo ningewaeleza wakiwa wamekaa pembeni yangu. Kwamba mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliiona mifupa ikiwa imejitokeza juu ya ardhi kilimani Tendaguru. Kwamba kati ya 1909 na 1913 kulikuwa na uchimbaji mkubwa, mamia ya watu wa kwetu wakishika majembe na sururu, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikateremshwa hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na njaa iliyofuata ilikuwa imewamaliza watu wa kusini. Wabebaji walikuwa ni hao waliobaki.

Niliwapa pia jina moja walishike: Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, fundi aliyejua kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ilichukua karibu miaka mia.

Rekodi ya kwanza: dakika tisa, kelele za watoto zimeingia, nimeziacha.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Mwalimu ameandika. Baada ya kusikiliza, alikata kamba ya mita 13.27 na kuwatoa wanafunzi uwanjani. Waliilaza kuanzia kwenye mwembe, ikapita mstari wa goli ikaenda mbele. Halafu wakabishana juu ya mzigo mmoja wa mfupa ungekuwa na kilo ngapi, na nani kati yao angeweza kuubeba siku nne. Nimesoma ujumbe huo nikiwa kwenye foleni ya duka na nikasahau nilichokuja kununua.

Swali walilolirudisha: "Mifupa ilikwenda. Je, watu wa kwetu waliokwenda huko ni akina nani, na walirudi?"

Jumapili, 24 Novemba 2024. Berlin tena

Tarehe hii niliichagua kwa makusudi.

Kutoka kwenye makumbusho ya mjusi unaifuata Invalidenstraße upande wa mashariki hadi inapokutana na Brunnenstraße, unakata kulia, unatafuta namba 193. Usitazame juu. Unachokitafuta kiko chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu: kibati cha shaba nyeupe cha sentimita kumi kwa kumi, kimewekwa kati ya mawe mengine. Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya kuna mawe ya namna hii zaidi ya 100,000, kila moja mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeuawa au kuteswa na Wanazi. Mengi ni ya Wayahudi. Hili la namba 193 ni la mtoto wa Dar es Salaam.

Alizaliwa mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Huku alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na katika Vita vya Kwanza mtoto naye akaingizwa jeshini akiwa na miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin. Moja ya mambo aliyoyadai ni mshahara ambao yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Hakuupata. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja kwenye jumba kubwa la starehe, aliigiza sehemu ndogo ndogo kwenye filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Alioa Mjerumani, akapata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke "wa damu ya Kijerumani", akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Leo imetimia miaka 80.

Nilikuwa nimekuja na kitambaa na dawa ya meno, maana nimeona wenyeji wanavyoyasafisha mawe haya. Nikapiga magoti. Shaba ilikuwa imekuwa nyeusi kwa mvua na viatu. Ukisugua taratibu kwa mviringo, herufi zinaanza kung'aa moja moja: jina lake, kisha mwaka wa kuzaliwa. Nilipofika hapo mkono ulisimama wenyewe. Mama mmoja mzee mwenye mbwa akasimama pembeni, akauliza huyu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia kwa Kijerumani changu kwamba si ndugu wa damu, ni mtu wa kwetu, alikuwa mwalimu wa lugha yangu. Hakusema neno. Alibaki amesimama hadi nilipomaliza kusugua, kisha akanishika bega akaenda zake.

Rekodi ya pili niliifanya nimechuchumaa palepale, watu wakinipita. Nilitaja jina lake lote, kama ambavyo mama yake angemwita. Saa kumi jioni jua likazama. Hapo ndipo baridi ya Novemba inapokuonyesha.

Jambo la kiutendaji: maikrofoni ya simu haiwezi upepo. Nimeagiza kifaa kidogo cha kubana kwenye kola, euro 25.

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Hakuna safari. Kazi za darasa tatu, zamu za ziada ghalani kwa sababu ya Krismasi. Maswali ya wanafunzi kuhusu rekodi ya pili ni mengi na mazito. Mmoja amesema tu: "Tunaomba umpelekee maua." Nimemwahidi.

Jumapili, 19 Januari 2025. Praha

Hii ilikuwa nje ya mradi. Wenzangu ninaokaa nao, mmoja wa Georgia na mwingine wa Colombia, walinisihi nipumzike. Nimefurahi nilikwenda. Njia yenyewe inatosha kuwa safari: baada ya Dresden reli inaambatana na mto Elbe, majabali ya mchanga yamesimama pande zote mbili, na maji yanapita chini karibu kabisa na dirisha. Tiketi yetu iliishia mpakani, baada ya hapo tukanunua ya Kicheki.

Naandika habari hii kwa sababu moja tu. Wakati wa kurudi polisi waliingia kwenye behewa karibu na Bad Schandau kukagua hati. Nchi za Schengen hazina mpaka kwenye ramani ya watalii, lakini Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Kwa mwenye pasi ya kwetu: kadi ya ukaazi peke yake haitoshi, beba na pasi. Kwa hati hizo mbili unaweza kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, kila moja inataka viza yake. Mimi nilikuwa na vyote viwili kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ukaguzi ulikwisha ndani ya dakika moja.

Jumamosi, 1 Machi 2025. Jena

Wanafunzi walitaka habari za mwanamke. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alifariki mji huu tarehe 29 Februari 1924. Mwaka huu tarehe hiyo haipo, nikaja siku inayofuata 28. Mwendo wa treni ni saa moja na kidogo. Upepo wa mabonde ya Jena uliharibu rekodi yote licha ya kile kifaa kipya. Nitairudia kaburini kwake.

Jumapili, 30 Machi 2025. Hamburg

Leipzig hadi Hamburg kwa treni za mikoa ni kama saa sita, kupitia Magdeburg na Uelzen. Stesheni ya Uelzen usiipite bila kushuka: nguzo zake zimevikwa vigae vya rangi, hakuna mbili zinazofanana, kazi ya msanii Hundertwasser. Nilikula chapati zangu nimeketi chini ya nguzo ya bluu.

Makaburi ya Ohlsdorf yana hekta 389. Ndani yake kuna mabasi ya mji yenye vituo vyake, na usipopanda utatembea hadi miguu iume. Miti ilikuwa ndiyo inaanza kuchipua. Salme amelala kwenye eneo la ukoo wa Ruete, ukoo wa mumewe.

Habari zake wanafunzi wanazijua nusu, nusu ya mapenzi. Alizaliwa 1844 kwenye kasri la Mtoni, Unguja. Akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli kabla mambo hayajafika pabaya. Aden alijifungua, akabatizwa, akafunga ndoa, akawa Emily Ruete. Mtoto yule hakuishi. Hapo ndipo masimulizi mengi yanapoishia, na mimi nilitaka waisikie nusu ya pili. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu hapa Hamburg akafa, naye akabaki mjane wa miaka 25 na watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa anaijifunza bado. Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Zanzibar wakiwa na meli zao za kivita, kwa sababu walimhitaji katika mvutano wao na Sultani. Kaka yake Barghash alikataa kumwona. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, mwanamke wa kwetu akisema mwenyewe habari zake.

Alipozikwa, mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza ulizikwa pamoja naye.

Nilisimama pale mbele ya jiwe nikasema, "Shikamoo, Bibi." Ilinitoka kabla sijapanga. Nimeiacha kwenye rekodi iwe mwanzo wake. Nikiwa na chumba cha mita za mraba kumi na mbili, simu ya video na nauli ya kurudi nyumbani kila mwaka, kuna siku Februari nilizokaa nimekodolea ukuta kwa upweke. Yeye aliishi miaka zaidi ya hamsini mbali na kwao, na alichokuwa nacho ni mchanga.

Mchana huohuo wa Jumamosi nilikwenda katikati ya mji, Große Reichenstraße, kwenye Afrikahaus, jengo la 1899 la kampuni ya biashara ya Woermann. Mlangoni kuna sanamu ya shaba ya shujaa wa Kiafrika, na uani kuna ndovu wawili. Hamburg ndiyo iliyokuwa makao ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa 1890, meli zake zikienda Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Wakati nasimama pale nilikuwa nafikiria bandari ya Lindi, na makreti yakipakiwa. Hiyo ni rekodi ya nne, dakika sita tu. Sikuwa na la kurefusha. Tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada.

Leo asubuhi nimekosa treni. Saa zimesogezwa mbele usiku kwa ajili ya kiangazi, na mimi nilifuata saa ya mkononi aliyonipa baba, ambayo haisogezwi na mtu ila mimi. Nimefika Leipzig usiku sana. Faida ni moja: kuanzia leo kati yangu na Lindi kuna tofauti ya saa moja badala ya mbili, na Mwalimu naweza kumpata kabla hajaenda kulala.

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Mwalimu anasema mjadala wa Salme jana ulivuka kengele. Wavulana wengi walishikilia kwamba hakupaswa kuondoka. Msichana yule wa dawati la nyuma alisimama akasema: "Wao wanauliza kwa nini aliondoka. Mimi nauliza kwa nini hawakumpokea aliporudi." Rekodi yake Mwalimu amenitumia, nimeisikiliza nikitembea kwenda darasani, na nimeisikiliza tena wakati wa kurudi.

Jumatatu, 19 Mei 2025. Baada ya Brussels

Wanafunzi waliuliza kama Kiswahili cha Kongo nacho kilifika Ulaya. Nilijua pa kwenda.

Nilikuwa nimekata basi la usiku wa Ijumaa. Saa sita mchana kampuni ikatuma ujumbe kwamba basi limefutwa. Nauli ilirudishwa, ila safari ya namna hiyo huwezi kuipanga upya kwa nusu siku bila mtu wa kukusitiri. Nikampigia dada mmoja wa Kigoma anayesoma Köln. "Njoo," akasema, "ugali upo." Nikapanda treni za mikoa mchana kutwa, nikafika saa tano usiku, nikakuta ugali na samaki wamefunikwa kwa sahani. Asubuhi: Aachen, Liège, Brussels.

Tramu namba 44 inakupeleka Tervuren kupitia msituni. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliandaa maonyesho hapa, akaleta Wakongo 267 na kuwaweka kwenye bustani, kwenye vijiji vya kuigiza, watu waje kuwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji, yamepangwa safu moja, mawe mazito yaliyolala. Nilisoma majina yao kwenye rekodi polepole, nikinyamaza baada ya kila moja: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Kisha nikaenda kwenye makumbusho yenyewe, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Kuna ukumbi mmoja ambao ukutani yameandikwa majina ya Wabelgiji zaidi ya 1,500 waliofia Kongo wakati wa Leopold. Majina ya Wakongo hayakuwapo. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa aliyaandika kwenye vioo vya madirisha yaliyoelekeana na ukuta huo, na jua likitoka, vivuli vya majina ya wale saba vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Nilipoingia kulikuwa na mawingu. Nilisubiri. Mlinzi wa ukumbi alinitazama, akatazama dirishani, akanyanyua kidole kuashiria nivumilie. Baada ya kama dakika ishirini jua lilichungulia. Herufi zilijitokeza ukutani, hafifu kwanza kisha nyeusi, zimepinda kidogo kwa mwelekeo wa mwanga, zikakaa kwa muda wa pumzi chache, zikafifia. Nimejaribu kulieleza hilo kwa sauti kwa watoto ambao hawajaliona, na sina hakika kama nimeweza. Hiyo ni rekodi ya tano, na ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko zote.

Jumapili nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo uliobeba jina la mtaa wa Kinshasa. Karibu na hapo kuna uwanja wa Patrice Lumumba, uliopewa jina hilo 2018. Nilikuwa nasikiliza Kilingala na Kifaransa kila upande, hadi kwenye mgahawa mdogo nikamsikia mama mmoja akizungumza kwenye simu: "Minakuya, ngoja kidogo." Moyo uliruka. Nikasubiri amalize, nikamsalimia: "Shikamoo, mama."

Akaniangalia. "Unatoka fasi gani, mtoto yangu?"

"Tanzania, mama. Lindi."

"Ah! Kiswahili yenu ile ni ya mu kitabu." Akacheka, akanivutia kiti. Yeye ni wa Lubumbashi, yuko Ubelgiji mwaka wa 22. Aliagiza mboga niliyoijua kwa macho: kisamvu. Kwake ni sombe. Mwenye mgahawa, wa Kinshasa, aliita pondu. Tukala mboga moja yenye majina matatu, kwa vidole, na nikamuuliza kama ataruhusu nimrekodi akiwasalimu wanafunzi wa Lindi. Aliruhusu. Alizungumza dakika nane, Kiswahili chake kile kile, bila kukinyoosha, akawaeleza jinsi watoto wake wanavyomjibu kwa Kifaransa, na yeye anaendelea kuwasemesha Kiswahili jikoni tu, "maana jikoni ni kwangu". Hiyo ni rekodi ya sita. Ndani yake sauti yangu inasikika mara mbili tu.

Kwa wanaosahihisha Kiswahili cha Kongo kila wanapokisikia: naomba waisikilize rekodi ile. Lugha hii ilipelekwa bara kwa misafara, ikafika hadi huko, na watu wakaijenga kuwa yao. Yule mama hakukosea neno hata moja.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Hesabu

Rekodi sita zimekamilika. Lile ua nililoahidi Desemba nililipeleka Brunnenstraße wiki iliyopita.

Fedha: Berlin safari mbili za mwanzo euro 38, Praha 64, Jena 9, Hamburg 71, Brussels 118, maikrofoni 25. Jumla 325 kati ya 540 nilizotenga kwa miezi tisa. Tiketi ya wanafunzi imepanda muhula huu hadi 34.80 kwa mwezi, bado ni rafiki.

Yaliyobaki kwa mwaka ujao: Bremen, kwa ajili ya fuvu linaloaminika kuwa la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililokaa kwenye makumbusho huko hadi lilipokabidhiwa kwa Wahehe mwaka 1954. Berlin tena, kwa ajili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili chuo kikuu kabla ya Husen na kufariki mjini humo 1927. Yeye pia alioa Mjerumani, akajaribu kurudi naye nyumbani, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. London inasubiri viza.

Euro 215 zilizosalia nimeshazipangia. Agosti nakwenda nyumbani, na wanafunzi wameuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa nikiwa huku: Tendaguru kwenyewe kukoje leo? Sijawahi kufika. Mwalimu amekwisha kuulizia bodaboda, na amempata mzee mmoja ambaye babu yake alibeba mifupa hadi Lindi na alikuwa akisimulia. Mzee amekubali kuzungumza. Ametuma neno kwamba nisichelewe, na nije na ile maikrofoni.